Kiti cha Gorogoro Tatu

Nilikuwa natafuta kiti kimoja tu, na hilo ndilo lililowashinda watu kunielewa. Huku kwetu Migori mtu hanunui kiti kimoja. Ukifika kwa fundi, swali la kwanza ni, "Seti ya tano ama ya saba?" Kiti kimoja cha sebuleni, chenye mgongo na mikono, hicho ni cha mwenye boma. Mwenye boma wangu nilimzika miaka tisa iliyopita. Kiti chake kilibebwa na ndugu yake siku ya kugawa vitu vya marehemu, kama inavyofanywa, na sikunung'unika. Pale kilipokuwa pamebaki alama nne kwenye simiti, na mimi nikifagia napita kando.

Naandika haya kwa mkono kwenye daftari la shule, na sitaandika jina la mtu. Si kwamba nimesahau. Shule niliacha darasa la tatu lakini majina sijawahi kuyaacha. Najua jina la kila mtu aliyewahi kuniuzia omena, wale dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay, na la mama yake pia. Kiswahili changu nilikipata huko huko ufuoni, nikipigania bei na watu wa ng'ambo ya mpaka, kwa hivyo kikikwaruza mahali, ni mchanga wa huko. Lakini wengine wa hao watu wako hai na wengine wamelala, na hakuna aliyeniruhusu kumwandika.

Mambo ya kiti yalianza Sabato moja ya mvua. Barabara ilikuwa matope, sikwenda kanisani. Nilikunywa chai, nikaketi kwenye kochi la watu watatu na Biblia magotini. Kochi lenyewe ni la zamani. Seti nzima ya viti saba nilinunua Homa Bay mjini, upande wa kwetu nilikozaliwa, kwa pesa ya omena, wakati magoti yangu yalikuwa bado yananitii. Siku hizo nyumba ilijaa. Nikiangalia seti hiyo leo najua nani alikaa wapi. Pale pembeni, aliyependa kuchomoa nyuzi za kitambaa. Hapa karibu na mlango, yule aliyekuwa anakula haraka atoke. Nilizaa watano na amebaki mmoja, na huyo mmoja yuko Nairobi. Springi za kochi nazo zimekufa. Ukikaa katikati unashuka kama ndoo kisimani.

Nilipotaka kuinuka, sikuinuka.

Nilijaribu mkono wa kulia, nikajaribu wa kushoto. Nilifikiria kuteleza hadi sakafuni nitambae, lakini sakafu ndiyo inayovunja nyonga za watu wa umri wangu, nikaiogopa. Simu ikalia chumbani, kitandani nilikoiacha. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Mbuzi wakaingia jikoni. Nilisikia sufuria ikianguka, nikawakemea kwa sauti yote niliyo nayo, nao wakaendelea kula sukuma wiki yangu bila haraka, kwa sababu walishajua sitatoka. Mchana ukapita hivyo. Mambo mengine yaliyonipata kwenye kochi hilo mzee mwenzangu anayajua, sina haja ya kuyaandika.

Jioni ndipo nyieka alipokuja. Nyieka ni mke wa ndugu ya mume wangu, huyo huyo aliyechukua kiti. Kwa Kijaluo wake wa ndugu tunaitana hivyo, wake wenza, ingawa kila mmoja ana bwana wake. Alikuwa amepigiwa simu na mwanangu. Alisimama mlangoni akinitazama nilivyozama.

"Nyar Kanyada," akasema, "unaatamia mayai?"

Nyar Kanyada ni mimi, binti wa Kanyada. Mwanamke huku huitwa kwa kwao mpaka anakufa. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipoanza kutoka hayakutaka kuisha. Nyieka hakusema neno lingine la mzaha. Aliniinua kwa kunikumbatia kifuani kama gunia, akanipelekea maji ya moto nyuma ya nyumba, akafukuza mbuzi.

Mwanangu alipiga tena usiku huo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa, na mtu akiogopa hutoa amri.

"Mama, ikitokea tena unakuja kukaa na sisi. Chumba kiko."

"Baba, ni kochi tu limeharibika."

"Si kochi. Ungekuwa umeanguka je?"

Huko kwake nimewahi kukaa, mwezi mmoja na siku kadhaa. Mke wake ni mtu mzuri, alinipikia samaki vizuri kuliko nilivyotarajia. Lakini wanakaa orofa ya nne, katika jengo lenye milango kama arobaini, na kwa mwezi mzima sikujua jina la mtu hata mmoja nyuma ya milango hiyo. Nikimuuliza mtu kwenye ngazi anaitwa nani, anakaza mkoba wake kwapani. Asubuhi wote wanaondoka, watoto shule, wakubwa kazi, na mimi nabaki na televisheni inayoongea na mtu mwingine. Upweke ninao hapa kwangu pia, sitadanganya. Lakini wa hapa ni wangu, ninajua ulikotoka. Na mume wangu amelala hapo nje, karibu na ua wa miti ya ojuok. Nani atapalilia?

Kwa hivyo tulipatana. Ninunue kiti changu mwenyewe. Yeye aje aone kama ninaweza kukaa humo na kuinuka bila mkono wa mtu. Nikiweza, nabaki. Nikishindwa, nafunga mzigo.

Nilianza kwa kuchunguza ninainukia wapi bila shida. Kigoda cha jikoni kinanishinda. Benchi la kanisa naliweza, lakini kwa kushika bega la aliye mbele yangu. Kitandani ndipo pazuri, naweka miguu chini nimesimama. Nikachukua gorogoro zangu. Gorogoro ni mkebe wa kilo mbili tunaopimia mahindi na omena, na mwanamke aliyefanya soko hawezi kukosa. Nikazipanga kando ya kitanda moja juu ya nyingine. Tatu zikafika sawasawa na pale ninapokalia. Nikatia moja kwenye kikapu nikaenda mjini.

Huko mjini, upande wa Suna, kuna duka la viti lenye kioo mbele. Niliingia humo kwanza, nikiwa na matope ya nyumbani kwenye viatu. Dada anayeuza hakuniangalia viatu. Alinishika mkono akanipeleka kwa kiti kikubwa cha kahawia, kinene, chenye mpini wa kuvuta pembeni.

"Dani, hebu keti hapa usikie," akasema. Dani ni nyanya.

Nikaketi. Akavuta mpini. Miguu yangu ikapanda yenyewe, mgongo ukashuka, na kitu fulani shingoni ambacho nilikuwa nimekibeba sijui tangu lini kikalegea. Sikumbuki kilichofuata. Nilipofungua macho jua lilikuwa limehama kutoka kwenye kioo, na yule dada alikuwa amenifunika leso yake.

"Umelala vizuri, Dani?"

"Nimelala kama niliyezikwa na watu wenye adabu."

Alicheka. Lakini kunitoa humo ilibidi amwite askari wa mlangoni, mmoja mkono huu, mwingine ule.

"Si ni kitamu?" akaniuliza nikirekebisha kitambaa changu cha kichwa.

"Ni kitamu. Ndiyo shida yake."

Nitasema ukweli, nilikitaka kile. Nilitembea hatua chache nikageuka kukitazama. Kama ningekuwa na mtu nyumbani wa kunivuta, hata mtu mzembe tu, hata wa kuja mara mbili kwa siku, ningekinunua.

Fundi wa kando ya barabara nilimpata mbele kidogo. Fremu zake zilikuwa zimesimama nje bila nyama, mbavu tupu. Ni mtu wa makamo, penseli sikioni, anaongea huku anapiga msumari.

"Karibu, Mama. Seti ya saba tunapanga tatu, mbili, moja, moja. Nikupe bei?"

"Nataka moja peke yake."

"Cha kujazia seti?"

"Cha kukalia."

Aliacha nyundo. "Mzee ako wapi, tumpime?"

"Mzee ni mimi. Nipime."

Akanitazama kutoka chini hadi juu, akavuta futi yake. Akasema viti vya siku hizi vinakaa chini, inchi kumi na tano, watu wanataka kiti cha kulala. Nikatoa gorogoro kwenye kikapu. Nikaisimamisha kando ya mti mmoja wa fremu, nikamwomba penseli, nikachora alama. Nikaipandisha hadi kwenye alama, nikachora ya pili. Ya tatu. Mafundi wengine wawili wakaacha kazi wakaja kuona mwanamke anayepima kiti kama mahindi.

"Hapo," nikasema.

Akapima alama ya juu kwa futi. "Inchi ishirini. Dani, hii si ya nyumba. Hii ni ya askofu."

"Basi nitengenezee ya askofu."

"Na mpira wa ndani? Niweke laini?"

"Mgumu."

"Utaumia."

"Nitaumia nikiwa nimesimama."

Mwenzake mmoja akasema, "Huyu mama ametoka jeshini." Wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilisimamia kitu kimoja mpaka akakielewa, nacho ni mikono ya kiti. Wao huizungusha ikaishia nyuma, kwa uzuri. Mimi nilitaka ifike mbele kabisa, ipite hata kiti chenyewe kidogo, kwa sababu mtu anapoinuka husukuma akiwa mbele, na mkono ukikosa pa kushika hapo, amerudi chini. Akapanga mbao, akaniketisha juu yake, akashika vipande viwili pembeni mwangu kama mikono. Nikasukuma, nikasimama. Nikakaa, nikasimama tena. Mara ya tatu hakucheka tena. Akasema mama yake yuko Uriri na hajui anainukaje.

Kitambaa nilichagua cha kahawia kisichoonyesha vumbi. Halafu nikabadilisha, nikachukua cha maua mekundu. Vumbi la nyumba yangu ni langu, nimfiche nani?

Kiti kilikuja kwa pikipiki siku ya soko, kimefungwa kwa mpira nyuma ya mwenye pikipiki, miguu juu. Kilipita katikati ya soko letu, kikapita kanisani, kikapita kwa nyieka. Hapo ndipo nilipokosea. Ningekileta jioni, au ningekifunika.

Kesho yake alasiri nikaona wanawake watatu wanaingia bomani, nyieka mbele. Wamevaa nguo za kutokea. Mmoja ana sukari, mmoja ana mkate, nyieka ana kuku amefungwa miguu.

"Tumekuja kumsalimia," akasema nyieka.

"Kumsalimia nani?"

"Mwenye kiti."

Sikuelewa. Yule wa sukari akanisaidia. "Nyar Kanyada, usituone wajinga. Kiti kimoja, kirefu, kina mikono. Mwanamke hanunui hicho cha kukatia mboga. Tumeambiwa ni mtu wa Rongo, mwalimu mstaafu."

"Mimi nimeambiwa ana gari," akasema wa mkate.

Mjane huku akikaribisha mwanamume, mtu mwenyewe huonekana mwisho. Kiti chake ndicho hutangulia. Hilo nalijua tangu niolewe, nimewahi kwenda hivyo hivyo na sukari yangu kwa wengine, na bado sikulifikiria hata kidogo. Nilikuwa nafikiria magoti.

"Hakuna mtu," nikasema.

Nyieka akaenda moja kwa moja akafunua pazia la chumbani. Wote wakanyoosha shingo. Nami, nitakiri, niliangalia.

"Hayupo," akasema nyieka.

"Hayupo."

"Nyar Kanyada, kweli umejinunulia wewe kiti cha mzee?"

"Kile cha kwanza si mlichukua ninyi?"

Wakacheka hadi wa mkate akashika ukuta. Nikawasha moto, tukanywa chai na sukari ya yule mwalimu mstaafu ambaye hayupo. Kila mmoja akakijaribu kiti. Nyieka ni mfupi, miguu yake ikaning'inia hewani, akaipiga piga kama mtoto kwenye mtumbwi. "Hiki ni cha twiga," akasema, lakini hakushuka upesi. Walinisema, wakamsema mwalimu, wakampa mwalimu tabia mbaya na wake wengine wawili huko Rongo. Jua lilipoinama wakakumbuka ng'ombe zao. Kuku nyieka aliniachia, akasema si heshima kurudi naye.

Niliosha vikombe vinne. Nilikuwa nimezoea kuosha kimoja, na nilipomaliza niliviosha tena.

Mwanangu alikuja Jumapili mbili baadaye. Kwenye simu alikuwa amesema atalala siku mbili, kwa hivyo nilitandika kitanda chake, nikanunua samaki wa siku ya kwanza, na yule kuku nikamweka wa siku ya pili. Alifika karibu saa sita. Amenenepa kidogo na nywele za pembeni zimeanza kuwa nyeupe, na sikuwa nimeambiwa. Gari lake lilikuwa na nafasi nyuma, ameondoa vitu vyote. Niliiona nafasi hiyo nikajua ni ya mzigo wangu.

Alikizunguka kiti, akakisukuma, akakikalia. "Mama, hiki ni kigumu."

"Sikukununulia wewe."

Akaniambia niketi. Niliketi, nikainuka. Akatikisa kichwa. "Hapana. Siku ile ulikaa tangu asubuhi. Magoti hukauka. Kaa, tule, tuongee, halafu tutaona."

Ni haki yake, hata mimi ningesema hivyo. Nikakaa. Alipakua chakula mwenyewe, akaniletea sahani. Tuliongea habari za watoto, za ada, za bosi wake, za mwalimu wa Rongo, maana habari ilimfikia huko huko Nairobi, naye alicheka kwa mdomo tu. Nilikuwa namtazama akila mwiba kwa mwiba kama baba yake. Saa ikapita, na nyingine. Nilisikia magoti yakikaza ndani kama kamba mpya iliyolowa. Mgongo uliniuma, ule mpira mgumu ulinila makalio, sikusema.

"Haya, Mama," akasema.

Nikasogea mbele. Nikashika mikono ya kiti pale mwisho. Nikasukuma, nikafika nusu, nikarudi chini.

Akaruka, mikono yake tayari iko mbele yangu.

"Weka mikono mfukoni," nikamwambia.

"Mama."

"Mfukoni, baba."

Akaiweka. Alikuwa mwanamume mzima mwenye mvi amesimama mbele yangu na mikono mfukoni, na uso wake ulikuwa ule wa siku niliyompeleka shule mara ya kwanza. Nikavuta miguu nyuma kidogo. Niliinamisha kifua mbele, mbele zaidi, mpaka nikaona viatu vyake. Nikasukuma. Kiti kikalia. Nikasimama.

Nikatembea hadi mlangoni nikarudi, kumwonyesha.

Alishusha pumzi ndefu sana. Niliifuata hiyo pumzi ikitoka. Ilikuwa ya furaha, ndiyo, alifurahi, alinikumbatia. Lakini pia ilikuwa ya mtu aliyeshushiwa gunia mgongoni. Sikumlaumu. Nimebeba magunia, najua pumzi hiyo.

Baada ya chai alitazama saa. Akasema kwa kuwa mambo ni mazuri, pengine aondoke leo leo, asipate msongamano kesho, na kazini wanamhitaji asubuhi. Nikasema ni vizuri, asafiri kukiwa na mwanga. Nikamfungia njugu na viazi vitamu, vikajaza ile nafasi ya nyuma ya gari. Akasimama kidogo kwa kaburi la baba yake. Kisha akaenda.

Yule kuku sikumchinja. Sasa anataga.

Tangu siku ya kochi mwanangu alikuwa akinipigia kila jioni. "Mama, umekaa wapi?" "Kitandani." "Sio kochi?" "Sio kochi." Mazungumzo yetu yalikuwa hayo tu, lakini yalikuwa kila jioni, na nilikuwa nayangojea nikiwa nimejitia mafuta. Baada ya kuniona nimesimama, alipiga Jumatatu kusema amefika. Halafu Alhamisi. Halafu ikawa Jumapili kwa Jumapili, na siku hizi kuna Jumapili zinazoruka. Sikosi kumwelewa. Mtu hupigia simu kinachomtisha. Mimi nimetoka upande huo, nimejitoa kwa mikono yangu miwili.

Nilitaka kubaki, na nimebaki. Nakaa kwenye kiti changu, nachambua mboga, nachambua njugu, nasikia pikipiki barabarani nikijua ya nani ni ipi. Kigumu, lakini kinaanza kunizoea. Nyieka huja akipata nafasi, huniuliza mwalimu amerudi, namwambia ameenda kuwaona wake zake.

Juzi mwanangu alipiga. Akauliza, "Mama, uko sawa? Kiti?" Nami nilikuwa nimeketi humo humo, simu sikioni, jua linaondoka mlangoni. Neno lilinijia lenyewe. Nimekwama. Lilikuwa tayari kwenye meno. Ningelisema tu, angekuja. Angekuja usiku huo huo, angefuta kila kitu kazini, na angekuja na gari tupu nyuma.

"Kiti kiko sawa," nikasema. "Watoto hawajambo?"

Akasema hawajambo, wanafanya kazi ya shule. Nikamwambia basi nisiwasumbue. Nikakata mimi kwanza, nisimsikie akikata, nikashika mikono ya kiti pale mbele, nikainuka kwenda kufungia kuku.